Matumizi Salama ya Dawa za Kupaka za Steroidi kwa Ugonjwa wa Bawasiri

Bawasiri ni miongoni mwa maradhi ambayo wagonjwa wake huyanyamazia. Mtu mwenye homa humwambia jirani. Mtu mwenye kinyama katika njia ya haja kubwa huficha hata kwa mwenzi wake wa ndoa. Ukimya huo ndio unaowafanya wengi wanunue dawa bila kuuliza, waitumie bila kipimo, na wafike hospitalini wakati ambapo ugonjwa umekwisha kubadilika au haukuwa bawasiri tangu mwanzo. Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida wa huduma na bidhaa, tukichukua mifano yetu kutoka kata ya Munisagara na maeneo jirani ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro.

Baada ya kulisoma, tunatarajia msomaji aweze kufanya mambo manne: kueleza dawa ya steroidi inasaidia nini na haisaidii nini, kusoma kasha la dawa na kutambua nguvu yake, kuitumia kwa kiasi na kwa muda unaofaa, na kutambua dalili zinazomtaka aache kupaka na kwenda kupimwa.

1. Bawasiri ni nini

Kila binadamu ana vijimto vya mishipa ya damu mwishoni mwa utumbo mpana. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya haja ili kinyesi na hewa visitoke ovyo. Vijimto hivyo vikivimba na kushuka kutoka mahali pake, ndipo tunaposema mtu ana bawasiri. Chanzo cha kawaida ni kukamua kwa nguvu kutokana na choo kigumu. Ujauzito, kukaa chooni muda mrefu, kuharisha kwa muda mrefu na umri mkubwa huongeza uwezekano wa kuipata.

Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Dalili yake kubwa ni damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya haja au inayoonekana juu ya kinyesi. Ikikua, kinyama hutokeza wakati wa haja na kurudi chenyewe. Baadaye hurudi kwa kusukumwa kwa kidole. Na mwisho hakirudi kabisa. Bawasiri ya nje huota pembezoni mwa njia ya haja, huwasha, na damu ikiganda ndani yake huuma sana kwa siku kadhaa.

2. Steroidi inafanya kazi gani

Steroidi tunazozizungumzia hapa ni dawa zinazofanana na homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 1950, wanasayansi Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo. Mwaka 1952, madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten wa Marekani walichapisha taarifa ya kutibu magonjwa ya ngozi kwa kupaka haidrokotisoni. Tangu hapo dawa za aina hii zimeenea duniani kote.

Kazi ya steroidi ni kutuliza uvimbe, wekundu na muwasho. Kwa mgonjwa wa bawasiri, dawa hiyo hutuliza ngozi iliyochubuka na kuwasha pembezoni mwa njia ya haja. Hiyo ni nafuu ya kweli, wala hatuidharau: mtu asiyelala kwa muwasho anahitaji msaada.

Lakini msomaji azingatie mpaka wa nafuu hiyo. Steroidi hairudishi kinyama kilichoshuka. Haifungi mshipa unaovuja damu. Hailainishi choo, na kwa hiyo haiondoi chanzo cha ugonjwa. Anayepaka dawa huku akiendelea kukamua kila asubuhi anatuliza maumivu ya leo na kuandaa ya kesho.

3. Kusoma kasha: tarakimu inayopotosha

Dawa nyingi za bawasiri, ziwe za kupaka au vidonge vya kuingiza katika njia ya haja kubwa, huwa na mchanganyiko. Mara nyingi ndani yake mna dawa ya ganzi ya kupunguza maumivu, dawa ya kukausha au kulinda ngozi, na wakati mwingine steroidi. Si kila dawa ya bawasiri ina steroidi. Njia pekee ya kujua ni kusoma orodha ya viambato, au kumwomba mtoa dawa akusomee.

Majina matatu yafaa kukumbukwa jinsi yanavyoandikwa kwenye kasha: Hydrocortisone, Betamethasone na Clobetasol. La kwanza ni steroidi laini. La pili ni kali. La tatu ni kali sana. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoka. Haidrokotisoni huuzwa mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 1, betamethasoni kwa asilimia 0.1, na klobetasoli kwa asilimia 0.05. Mnunuzi akilinganisha tarakimu tu, ataona klobetasoli ndiyo ndogo na kudhani ndiyo laini. Ukweli ni kinyume: klobetasoli ya asilimia 0.05 ina nguvu mara nyingi sana kuliko haidrokotisoni ya asilimia 1. Tarakimu hueleza kiasi cha dawa kilichomo. Nguvu hutokana na aina ya dawa yenyewe.

Katika maduka yetu zipo pia krimu zenye dawa tatu kwa pamoja: steroidi kali, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi. Watu huzipenda kwa sababu huonekana kutibu kila kitu. Krimu hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya bawasiri, na mtu asizipake katika njia ya haja kubwa ila kwa maelekezo ya mtaalamu aliyemkagua. Vivyo hivyo krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake zimewahi kukutwa na steroidi kali zilizofichwa, zisitumiwe mahali hapo wala pengine popote.

Pamoja na viambato, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina la mtengenezaji, na kama tyubu bado imefungwa. Dawa isiyo na kasha, au iliyohamishiwa katika kikopo kisicho na maandishi, usiinunue hata ikisifiwa namna gani.

4. Kwa nini muda uwe mfupi

Ngozi ya njia ya haja kubwa ni nyembamba, ina unyevu, na hufunikwa wakati wote. Mambo hayo matatu hufanya dawa ipenye kwa urahisi kuliko ikipakwa mkononi au mgongoni. Kwa sababu hiyo, dawa ya bawasiri yenye steroidi laini hutumiwa kwa kawaida kwa muda usiozidi siku saba, isipokuwa daktari aseme vinginevyo.

Ikitumiwa kwa wiki nyingi au miezi, madhara yafuatayo yaweza kutokea:

(a) Ngozi hukonda na kuchanika kwa urahisi, hata kwa kujisafisha tu.

(b) Muwasho hurudi kwa nguvu kila dawa inapoachwa, mgonjwa akapaka tena akidhani ugonjwa umezidi.

(c) Fangasi, malengelenge ya virusi na maambukizi mengine hustawi kimyakimya, kwa kuwa steroidi hupunguza wekundu na uvimbe ambao ungetoa ishara.

(d) Dawa kali ikipenya kwa wingi katika damu, huweza kupandisha sukari, na kuzifanya tezi za mwili zipunguze kutengeneza homoni yake.

Tufanye hesabu ndogo. Dawa inayotoka kwenye tyubu na kufunika ncha ya kidole cha mtu mzima, kuanzia kiungo cha kwanza, ni takriban nusu gramu. Mtu akitumia kiasi hicho mara mbili kwa siku, kwa siku saba atakuwa ametumia gramu 7. Tyubu ya gramu 15 haitafika hata nusu. Mtumiaji aliyeinunua kwa fedha ya taabu hushawishika kuimaliza. Wengine huihifadhi na kumpa ndugu. Tunasisitiza: tyubu haikukusudiwa iishe. Kipimo cha matibabu ni siku, si tyubu.

5. Namna ya kuitumia

Nawa mikono. Safisha sehemu hiyo kwa maji safi ya uvuguvugu bila sabuni kali wala dawa ya kuua vijidudu, kisha kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa laini bila kusugua. Paka utando mwembamba mahali panapowasha, mara nyingi asubuhi na usiku na baada ya haja, kama kibandiko kinavyoelekeza, bila kuzidisha idadi iliyoandikwa. Kama dawa ina kifereji cha kuingizia ndani, kipake dawa kidogo ili kiteleze, kisukume taratibu, na kioshwe baada ya kila matumizi. Kisha nawa mikono tena.

Vidonge vya kuingiza huyeyuka kwa joto, na joto la Kilosa si dogo. Vihifadhi mahali penye ubaridi mbali na paa la bati. Kikilegea kabla ya kutumiwa, kiache ndani ya karatasi yake na ukiweke katika maji baridi kwa dakika chache hadi kigande.

Tahadhari mbili husahaulika. Kwanza, dawa zenye mafuta huweza kudhoofisha kondomu za mpira zikapasuka. Pili, tyubu ya mgonjwa mmoja isishirikishwe na mwingine.

6. Wanaopaswa kuuliza kwanza

Mjamzito na mama anayenyonyesha wamwulize mhudumu wa kliniki kabla ya kutumia. Watoto wasipakwe dawa hizi bila daktari; mtoto anayewashwa usiku katika njia ya haja huenda ana minyoo, na tiba yake ni nyingine kabisa. Mwenye kisukari, mwenye vidonda au usaha mahali hapo, na mwenye kinga dhaifu wapate ushauri kwanza. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI amweleze mtoa dawa majina yake, kwa kuwa baadhi, hususan zenye ritonaviri, huzuia mwili usiondoe steroidi kwa kasi inayotakiwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asipirini au diklofenaki pia aseme, maana dawa hizo huweza kuongeza kutoka damu.

7. Damu si ya bawasiri kila mara

Hii ndiyo sehemu tunayomwomba msomaji aisome mara mbili. Damu katika haja kubwa yaweza kutokana na mpasuko wa ngozi, kuhara damu, kichocho cha tumbo, vidonda vya utumbo, au saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja. Mtu anaweza pia kuwa na bawasiri na ugonjwa mwingine kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima wa miaka 52. Anaona damu, muuzaji wa gulioni anamwambia ni bawasiri, anapewa krimu. Muwasho unapungua, naye anaridhika. Damu inaendelea kidogo kidogo. Anarudi kununua tyubu ya pili, ya tatu, ya nne. Miezi minane baadaye amekonda, anachoka akipanda kilima, na choo kimekuwa chembamba. Krimu haikumsababishia uvimbe uliomo tumboni. Ilichomfanyia ni kumpa sababu ya kutokwenda kupimwa, na katika saratani miezi minane ni mingi. Ugonjwa huo ukigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi kuliko ukigunduliwa umesambaa.

Acha kujitibu na nenda kituo cha huduma ukiona moja kati ya haya:

- damu inaendelea, au hujapata nafuu, baada ya siku saba;
- damu imechanganyika ndani ya kinyesi, au kinyesi ni cheusi na chenye kunata kama lami;
- choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, kikawa kigumu, laini au chembamba kuliko kawaida yako;
- umepungua uzito bila sababu, una uchovu, au viganja na macho yamekuwa meupe;
- kinyama hakirudi, kimekuwa cha bluu au cheusi, au kinauma sana;
- una homa na uvimbe wenye maumivu makali mahali hapo;
- ni mara yako ya kwanza kuona damu nawe umepita umri wa miaka 40, au katika ukoo wenu yupo aliyeugua saratani ya utumbo.

Damu ikitoka kwa wingi, ukahisi kizunguzungu au kuzimia, hiyo ni dharura. Usisubiri kupambazuke.

8. Wapi pa kununua, wapi pa kupimwa

Munisagara ipo magharibi ya mji wa Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa, kwenye njia ya Reli ya Kati. Wakazi wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mahali ambapo mvua huweza kukata njia, si ajabu watu kununua dawa kwa akiba au kumtegemea mchuuzi anayepita. Tunaelewa mazingira hayo, na ndiyo sababu tunashauri kwa mpangilio ufuatao.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu anaweza kukuhoji, kukukagua, kupima wingi wa damu pale penye vifaa, na kukupa rufaa. Kutoka hapo, wagonjwa wa ukanda huu huelekezwa Hospitali ya Wilaya ya Kilosa. Walio upande wa Mikumi wanayo pia Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Wagonjwa wa saratani huhudumiwa katika vituo maalumu, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ukaguzi huchukua dakika chache. Unayo haki ya kufanyiwa faraghani, na kuomba mhudumu wa jinsia yako au shahidi awepo.

Nunua dawa katika famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Mpango wa maduka hayo ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuwafikishia wananchi wa vijijini dawa muhimu kupitia watoa dawa waliofunzwa. Usajili wa maduka na wataalamu wake husimamiwa na Baraza la Famasi. Ubora na usalama wa dawa zenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mchuuzi wa ndani ya basi, wa stendi ya Mikumi au wa gulioni hana kibali hicho, na dawa zake zimeshinda juani. Dai risiti kila ununuapo: bila risiti na namba ya toleo, malalamiko yako hayana pa kushika.

Jihadhari pia na wanaojitangaza kuwa "hukata kinyama" au kukiunguza kwa dawa za kuchoma. Kovu na maambukizi yanayofuata huweza kuziba njia ya haja au kumwacha mtu akishindwa kuzuia haja maisha yake yote. Hospitalini zipo njia salama, kama kukifunga kinyama kwa mpira maalumu, na upasuaji kwa wale wanaouhitaji.

Ukipata madhara baada ya kutumia dawa, acha kuitumia, tunza tyubu na kasha lake, na mweleze mhudumu wa afya ajaze fomu ya kutoa taarifa ya madhara ya dawa inayopelekwa TMDA. Taarifa yako moja huweza kumkinga mwingine.

9. Tiba inayogusa chanzo

Choo laini ndicho tiba kuu ya bawasiri, na sehemu kubwa yake imo jikoni. Ugali wa dona una makapi mengi kuliko wa sembe. Maharage, kunde, mbaazi, mchicha, matembele, mapapai na maembe hulainisha choo. Ongeza vyakula hivi taratibu ili tumbo lisijae gesi, na kunywa maji ya kutosha, hasa kwa mtu anayeshinda shambani. Nenda haja mara uisikiapo. Usiiahirishe, usikamue, wala usikae chooni ukiperuzi simu. Kuketi katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hutuliza maumivu bila gharama. Wengi wenye bawasiri changa hupata nafuu kwa mambo haya, na krimu hubaki msaidizi wa siku chache.

Maswali ya kujipima

1. Ipi ina nguvu zaidi: haidrokotisoni ya asilimia 1 au klobetasoli ya asilimia 0.05? Kwa nini?
2. Umetumia dawa yenye steroidi kwa siku saba, muwasho umekwisha, nusu ya tyubu imebaki. Utafanya nini?
3. Muwasho umepungua lakini damu inaendelea. Je, dawa imefanikiwa?

Majibu

1. Klobetasoli. Nguvu hutokana na aina ya dawa, wala si tarakimu peke yake.
2. Utaacha kupaka, na hutampa mwingine tyubu hiyo. Ugonjwa ukirudi, utaomba ushauri kabla ya kuanza tena.
3. Hapana. Dawa imetuliza muwasho. Sababu ya damu haijajulikana, na inapaswa kutafutwa na mtaalamu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeficha bawasiri yake huweza kuficha pamoja nayo ugonjwa mkubwa zaidi. Tunawahimiza wasomaji wasome somo hili pamoja na wazee wao nyumbani, maana mara nyingi wao ndio wanaoona damu na kukaa kimya.